Simu Janja ya Bei Nafuu: Gharama Zisizoandikwa Kwenye Boksi
Somo kwa watumiaji wa Same na Milima ya Pare

Mtu anayeshuka kutoka Mbaga, Chome au Vudee hadi Same mjini kununua simu janja yake ya kwanza huwa ameshahesabu fedha alizonazo, na swali lake la kwanza kwa muuzaji huwa ni bei. Somo hili linamwomba aongeze maswali mawili: simu hii itanigharimu kiasi gani baada ya kutoka nayo dukani, na je, itafanya kazi kule ninakoishi? Simu moja, yenye bei moja, yaweza kuwa nafuu kwa mkazi wa mjini aliye na umeme nyumbani na mnara wa mawasiliano mbele ya macho yake, ikawa ghali kwa mkazi wa bondeni upande wa pili wa mlima. Tofauti hiyo haiandikwi kwenye boksi.

Tunaposema simu janja ya bei nafuu tunamaanisha simu mpya ya kugusa kioo, yenye intaneti, ambayo kwa kawaida huuzwa chini ya shilingi 300,000. Hesabu zitakazotolewa hapa ni za mfano. Msomaji anaombwa aweke humo bei za duka lake na za kijiji chake.

Faida zake, na dhana moja ya kuondoa

Wapo wanaodhani kwamba simu janja ni anasa ya vijana. Sivyo. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba anaweza kupiga picha ya jani lililogeuka manjano na kumtumia afisa ugani bila kumsubiri apande mlima. Anaweza kuuliza bei ya tangawizi katika masoko ya Dar es Salaam kabla mnunuzi hajafika shambani na gari lake, na katika mazungumzo ya bei hakuna anayedharau taarifa ya namna hiyo. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu hujaza maombi yake mtandaoni. Ukoo uliotawanyika kati ya Suji, Moshi, Dar es Salaam na Mombasa hupanga michango ya msiba ndani ya kundi la WhatsApp kwa saa chache. Hata redio ya FM, ambayo katika simu nyingi za bei ya chini hufunguka baada ya kuchomeka waya wa masikioni, haitumii bando hata kidogo.

Hata hivyo, kutuma na kupokea fedha hakuhitaji simu janja. Huduma za fedha kwa simu, zilizoanza nchini mwaka 2008, hufanya kazi kwa menyu ya namba zinazoanza na nyota, kwenye kitochi chochote, mahali penye mtandao wa 2G tu. Ikiwa hitaji lako kuu ni kupiga simu, kupokea fedha za watoto na kununua umeme, kitochi kinakutosha, na hakuna sababu ya kuona haya kukitoa mfukoni mbele ya watu.

Mlima, mnara na masafa

Mawimbi ya redio yanayobeba mawasiliano ya simu hupenda njia iliyonyooka, na mlima huyazuia karibu kama ukuta uzuiavyo mwanga wa taa. Milima ya Pare ya Kusini, ambayo kilele chake cha Shengena kina mita 2,462, imejaa makorongo na mabonde yasiyoonana na mnara wowote. Ndiyo maana mtu aliyesimama ukingoni, anayetazama tambarare ya Makanya upande mmoja au Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi upande mwingine, hupata mtandao wenye nguvu, ilhali jirani yake aliye mita mia tano chini yake, nyuma ya kilima, hupanda juu ya jiwe ili apige simu.

Mawimbi yenyewe nayo hayalingani. Masafa ya chini, kama vile megahezi 700, 800 na 900, hufika mbali na huingia mabondeni na ndani ya nyumba vizuri zaidi kuliko masafa ya juu kama 1800 au 2600. Hapa ndipo simu ya bei nafuu huweza kumwangusha mnunuzi. Mtengenezaji anayetafuta kupunguza gharama huweza kuacha baadhi ya masafa. Mnunuzi huona maandishi ya "4G" kwenye boksi akaridhika, kumbe simu yake hupokea 4G ya masafa ya juu peke yake. Akifika kijijini ambako mnara unatoa 4G ya masafa ya chini, simu hushuka hadi 3G au 2G, naye hulaumu mtandao, kisha hulaumu kijiji, na mwisho hununua laini nyingine isiyomsaidia.

Kwenye boksi au kijitabu cha simu, masafa ya 4G huandikwa kwa herufi B ikifuatwa na namba. B28 ni megahezi 700, B20 ni 800, B3 ni 1800. Muulize mtoa huduma wako ni masafa gani yanayotumika kwenye mnara unaohudumia kijiji chako, kisha uoanishe na yaliyoandikwa. Asiyetaka kujisumbua na namba hizo anayo njia nyingine iliyo bora vilevile: aazime kwa dakika chache simu ya jirani iliyo ya aina ileile anayokusudia kununua, aiweke laini yake, akae nayo ndani ya nyumba yake mwenyewe, si barabarani, na aone kama intaneti inafunguka. Jaribio lililofanyika dukani Same mjini halithibitishi lolote kuhusu Gonja au Bombo.

Simu zenye laini mbili zinahitaji swali la nyongeza. Katika baadhi ya simu za bei ya chini, hasa za matoleo ya zamani, tundu la pili hupokea 2G pekee. Mtu anayetumia laini moja kwa fedha na nyingine kwa bando anapaswa kuiweka ya bando katika tundu la kwanza.

Hesabu ya umeme

Simu iliyo mbali na mnara hupaza sauti. Inapopata mtandao hafifu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike, na inapoupoteza kabisa huutafuta tena na tena. Kazi hiyo hunyonya betri. Kwa hiyo betri ileile inayomaliza siku nzima Same mjini yaweza kuisha kabla ya alasiri huko bondeni, pasipo kosa la betri wala la fundi. Laini mbili zikiwa hewani, mzigo huongezeka, kwa kuwa kila laini hutafuta mnara wake.

Kwa kaya yenye umeme wa gridi, jambo hili ni kero ndogo. Kwa kaya inayochajisha simu dukani kwa malipo, ni gharama inayoweza kufikia bei ya simu yenyewe. Tuchukue kwamba duka linatoza shilingi 500 kwa kuchaji mara moja. Kitochi kinachochajishwa mara moja kwa wiki kitatumia mara 52 kwa mwaka, yaani shilingi 26,000. Simu janja inayochajishwa kila siku itatumia shilingi 182,500. Ikiwa uliinunua kwa shilingi 180,000, basi katika mwaka wa kwanza umeinunua mara mbili, na bado hatujagusa bando.

Mwenye hesabu hiyo mbele yake huona mambo kwa namna nyingine. Paneli ndogo ya jua yenye mlango wa kuchajia, iliyoonekana ghali, huanza kuonekana ununuzi wa busara kuliko kuongeza fedha apate simu yenye kamera nzuri zaidi. Ukubwa wa betri nao hupewa uzito unaostahili. Kipimo chake huandikwa mAh, na simu yenye 5,000 huhifadhi umeme mwingi kuliko yenye 3,000. Kuzima laini ya pili isipohitajika, kuzima data usiku, au kuchagua 2G pekee kwenye mipangilio ya mtandao unapokuwa shambani, huongeza saa kadhaa za matumizi bila senti moja. Chaja na waya visivyo na jina, vinavyouzwa kwa bei ya kutupa, viepukwe: huharibu betri na huweza kusababisha moto.

Simu ya mkopo

Siku hizi simu nyingi za bei nafuu huchukuliwa kwa mkopo. Mteja hutoa kianzio, hupewa simu, kisha hulipa kidogo kidogo kila siku kwa njia ya simu. Nchini Kenya, kampuni ya Safaricom ilizindua mwaka 2020, kwa ushirikiano na Google, mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ambamo mteja alilipa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Mipango ya aina hiyo ipo sasa Tanzania kupitia kampuni mbalimbali. Imewafikishia simu watu ambao wasingeweza kulipa fedha yote kwa pamoja, na hilo ni jambo jema.

Ila malipo madogo huficha jumla. Tuchukue simu inayouzwa taslimu shilingi 180,000. Kwa mkopo, kianzio ni 40,000 na malipo ni shilingi 900 kwa siku kwa siku 300. Mia tisa ni fedha ya vitumbua, mtu haoni uzito wake. Zidisha mara 300 upate 270,000, ongeza kianzio, na simu imekuwa ya shilingi 310,000. Zile 130,000 zilizozidi ni bei ya kuazima fedha. Huenda inafaa kuzilipa, huenda haifai. Uamuzi ni wako, lakini uufanye ukiwa umeiona namba. Muuzaji akisema kiasi cha kila siku bila kutaja jumla, mwombe aandike jumla kwenye karatasi.

Jambo la pili ni kufungwa kwa simu. Simu ya mkopo huwa na programu inayoifunga malipo yakichelewa, na programu hiyo haiondoki kwa kufuta kila kitu kilichomo ndani ya simu. Kwa mwenye mshahara au biashara ya kila siku hatari yake ni ndogo. Kwa mkulima ni habari nyingine. Tangawizi hukaa ardhini takribani miezi minane hadi kumi kabla ya kuvunwa, na mpunga wa Ndungu nao una msimu wake. Fedha ya mkulima huja kwa mafungu, deni la simu huja kila asubuhi. Katika miezi ya kungojea mavuno, ambayo ndiyo miezi anayohitaji kupigiwa na mnunuzi au kumtafuta mwenye mbolea, simu hujikuta imefungwa. Kabla ya kusaini, uliza kama malipo yanaweza kupangwa kwa wiki au kwa mwezi, kama kuna siku za nyongeza, simu ikifungwa ni huduma gani zinabaki wazi, na simu ikipotea au kuharibika deni linakuwaje. Mara nyingi deni hubaki palepale.

Kwa sababu hizo tunashauri, kwa msisitizo kuliko ushauri mwingine wowote wa somo hili, kwamba anayechukua simu janja ya mkopo asikitupe wala kukiuza kitochi chake. Laini yenye fedha na namba inayojulikana na watu ikae kwenye kitochi, au iweze kuhamishiwa humo siku simu janja itakapofungwa.

Nafasi ya ndani na umri wa simu

Simu iliyoandikwa GB 32 haikupi GB 32. Mfumo wa Android wenyewe na programu zilizokuja nayo huchukua sehemu kubwa, na kinachobaki hujazwa haraka na picha na video za makundi ya WhatsApp: kundi la ukoo, la kikoba, la kanisa au msikiti, la wazazi wa shule. Video nyingi hujipakua zenyewe hata kama huna haja nazo. Ndani ya WhatsApp, fungua mipangilio ya hifadhi na data, uzuie kupakua kwa hiari yake. Hatua hiyo moja huokoa nafasi na bando kwa pamoja. Kadi ya kumbukumbu husaidia kwa picha, lakini programu nyingi hazihamii humo.

Simu za bei nafuu pia hupata masasisho machache ya usalama, na nyingine hazipati kabisa. Simu ya zamani iliyotumika huweza kuwa imekwisha kukataliwa na programu unazozitaka. Tangu Januari 2025, kwa mfano, WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Uliza toleo kabla ya bei. Kwa simu isiyopata masasisho, huduma za fedha zifanyike kwa menyu ya nyota badala ya programu, na programu zisipakuliwe kutoka katika viungo vinavyotumwa kwenye makundi.

Mtego mwingine huingia kwa mlango huohuo. Simu janja ya kwanza ndiyo inayomleta mtu karibu na programu za mikopo ya papo kwa papo, ambazo huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu, kisha huwapigia ndugu, wakwe na mchungaji deni linapochelewa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo mtandaoni bila leseni. Programu ikiomba ruhusa ya majina ya watu wako ili ikupe mkopo, ikatalie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kabla ya kulipa

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini, na wengi waliolala na simu waliamka na tochi. Bandia hazijaisha. Piga *#06# papo hapo dukani. Namba ya utambulisho yenye tarakimu 15 itatokea, na simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu likitaja aina nyingine ya simu kuliko uliyoishika, namba hiyo imenakiliwa kutoka kwenye simu nyingine, nawe usilipe. Linganisha pia namba hiyo na iliyoandikwa kwenye boksi.

Uhalali wa namba hauthibitishi ukubwa wa hifadhi. Zipo simu zilizochezewa ili zionyeshe nafasi ambayo hazina. Muuzaji akisema, "Mama, chukua hii, ina GB 128," jibu linalofaa ni "Niwashie kwanza, mwanangu, niione." Ifungue mwenyewe, weka laini yako, piga simu, rekodi video ya dakika chache na uicheze hadi mwisho, jaribu kamera zote, kuchaji, na kugusa pembe zote nne za kioo. Muuzaji mwaminifu hatachoka. Yeye mwenyewe anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya kuuza vifaa vya mawasiliano, na si utovu wa adabu kuuliza ilipo.

Dai risiti ya kielektroniki. Risiti au hati ya dhamana itaje aina ya simu, namba yake ya utambulisho, tarehe, muda wa dhamana, na mahali simu itakapopelekwa ikiharibika. Dhamana inayotekelezwa Dar es Salaam peke yake ina thamani ndogo kwa mtu wa Kihurio, kwa kuwa nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuzidi gharama ya fundi. Uliza pia bei ya kioo. Kuna simu ambazo kioo chake hugharimu karibu nusu ya bei ya simu, na katika barabara zetu za mlimani, juu ya bodaboda, kioo ndicho cha kwanza kwenda.

Ikiharibika, ikiibwa, ikiuzwa

Simu yenye kasoro irudishwe kwanza kwa muuzaji pamoja na risiti. Akikataa bila sababu, lalamiko kuhusu bidhaa bandia au udanganyifu wa biashara hupelekwa Tume ya Ushindani. Lalamiko kuhusu huduma ya mtandao, kama vile bando kukatwa isivyo halali, huanzia kwa mtoa huduma, na lisipotatuliwa hufikishwa kwa Mamlaka. Andika tarehe na jina la aliyekuhudumia kila unapolalamika.

Simu ikiibwa, toa taarifa polisi upate hati ya upotevu, kisha mtoa huduma afunge laini na kuizuia simu kwa namba yake ya utambulisho. Hapo ndipo utakapoihitaji ile namba ya tarakimu 15, kwa hiyo iandike leo mahali pasipo ndani ya simu. Baada ya kupata laini mpya, piga *106# uhakikishe ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa kitapeli unaokutaka utume fedha kwa namba usiyoijua usambazwe kwenda 15040.

Anayeuza au kumgawia mwanawe simu ya zamani atoe kwanza laini na kadi ya kumbukumbu, aondoe akaunti yake ya Google kupitia mipangilio, kisha afute kila kitu. Akifuta bila kuondoa akaunti, simu itamwomba mwenye nayo mpya nywila ya mwenye nayo wa zamani, na huenda wakati huo mwenye nywila yuko Tanga.